Mtafsiri wa Makauboi wa Angani

Siku niliyong'oa waya wa spika nilikuwa na mtoto mgongoni na povu la sabuni mikononi. Nilikuwa nafua nepi nyuma ya jumba la video hapa Maua, ambako nimekodi chumba, wakati Mama Kinya alipokuja akasimama mbele yangu bila kubisha hodi. Mama Kinya ni mjane. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisa. Hakunisalimu.

"Mwari," akaniambia, kama wanavyowaita wasichana kwetu, "mume wangu tumemzika. Mbona unamwita kila siku alasiri?"

Nikamwambia si mimi. Akaonyesha ukuta wa mabati kwa kidole, na ndani ya ule ukuta nikajisikia mwenyewe, nikicheka, nikimwita Mzee M'Ringera atoke nje upesi, ng'ombe wake wanachukuliwa. Kisha kukawa kimya kidogo, vijana wakaitikia mahali pake kwa sauti ya kuigiza ya kizee, na jumba zima likaangua kicheko. Mama Kinya alinitazama mdomo, aone kama unacheza. Ulikuwa umefungwa. Akageuka akaenda zake.

Ndipo nikaingia mle ndani. Nilipita katikati ya mabenchi na mtoto wangu mgongoni, nikaukamata waya unaotoka kwa redio ya kaseti kwenda kwa spika, nikauvuta mpaka ukakatika kwenye shina.

Yaliyofuata nitayasema. Lakini kwanza nieleze hii kazi ilikuwa kazi gani, kwa sababu nyinyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne sasa mnakuja kuniuliza kama kuna nafasi kwa video, na kwa sababu mimi nimestaafu. Wacheni kucheka. Mtu asiyetakiwa tena kazini amestaafu, awe na mvi kichwani au awe na maziwa kifuani.

Siku yangu ya kwanza niliajiriwa kukata tikiti mlangoni. Mwenye jumba tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya soko na hakupenda kuitwa kitu kingine, hata na mke wake. Jumba lilikuwa mabati pande zote, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, na jenereta nyuma ambayo ilipozima picha ilibaki kidoa cheupe kama jicho la samaki. Watu wetu walikuwa wafunga miraa. Pikapu zikishaondoka na mabunda kabla ya mapambazuko, wao hulala, huamka, na alasiri hawana pa kwenda. Wanakuja kwa video na vijiti vyao mdomoni.

Mtafsiri aliyekuwepo alikuwa amepanda pikapu mojawapo kwenda Nairobi wiki hiyo na hakurudi. Mwenyekiti akaja mlangoni akaniuliza Kiingereza nilipata nini kwenye mtihani. Nikamwambia. Akanipokonya tikiti, akanipa maikrofoni.

Filamu ilikuwa ya makauboi. Nilitafsiri kila neno, kwa sarufi safi, kama niko darasani. "Bwana yule anasema kwamba angependa kupewa maji kwa ajili ya farasi wake." Halafu mtu mmoja katika benchi la tatu akasema, "Mwalimu, na mtihani tutafanya lini?" Nilitaka ardhi inimeze.

Aliyeniokoa ni Fundi. Huyo ndiye aliyeendesha mashine. Alisafisha kichwa cha video kwa spiriti na kitambaa cha shati, kile kichwa kidogo kinachosoma kanda, maana kikishika vumbi picha inapiga mawimbi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinama sikioni mwangu akasema, "Hawa hawakuja kwa maneno. Waambie ng'ombe ni wa nani."

Huo ndio uti wa mgongo wa kazi, na mtu asiwadanganye kwamba kuna mwingine. Ukiwaonyesha watu wa Igembe, yaani wa huku kwetu Maua, kundi la ng'ombe linapita kwenye vumbi, hawawezi kutazama kitu kingine mpaka wajue mwenyewe ni nani, ameibiwa na nani, na nani anafuata nyayo. Wazungu waliotengeneza hizo filamu hawasemi. Wewe ndiye unasema. Tuliita kubandika: unachukua jina la mtu aliye hai, anayejulikana sokoni, unambandika kauboi. Mwenye kofia nyeusi alikuwa kila mara mtu fulani anayepima miraa vibaya. Walipenda sana. Aliyebandikwa alikasirika siku moja, siku ya pili akaja na ndugu zake wasikie.

Kulikuwa pia na kujaza, yaani kuongea pale filamu inaponyamaza, mtu anapanda farasi tu mlima mrefu na hakuna neno. Na kulikuwa na kuachia. Bunduki haitafsiriwi. Kilio hakitafsiriwi. Unateremsha maikrofoni, unaachia. Kuachia kulinichukua muda mrefu kuliko yote, maana mtu wa shule akipewa nafasi ya kusema hajui kunyamaza.

Sasa hao makauboi wa angani walianza kwa ajali. Mwenyekiti alikuwa na mashine mbili za kunakili kanda, na alikuwa bahili wa kanda. Aliponunua filamu ya vyombo vya angani akainakili juu ya ile ya makauboi tuliyoizoea, akidhani imechakaa. Filamu ya juu ilikuwa fupi. Kwa hiyo siku hiyo tumekaa, mwanzo ni watu wa chuma na taa zinazoruka kwenye giza la nyota, katikati picha ikakatika, ikatokea vumbi, farasi, na yule mwenye kofia nyeusi. Fundi akanitazama. Watu wakageuka kunitazama. Kama ningesema kanda imeharibika wangedai warudishiwe kiingilio, na Mwenyekiti angenifukuza.

Nikasema, "Wale wa angani wamefika. Wameona ng'ombe."

Mnajua jumba lilivyopiga kelele? Watu walisimama juu ya mabenchi. Niliendelea hadi mwisho: kila kauboi aliyepigwa risasi alikuwa amepigwa kutoka juu, kila farasi aliyeshtuka alikuwa amesikia chuma. Kesho yake walirudi wakaleta wengine, wakaitaka hiyo hiyo. Mwenyekiti aliagiza Nairobi wamtafutie filamu ambazo ziko hivyo kweli, na kumbe zipo. Wazungu nao walikuwa wamefikiria. Kauboi amelala nje karibu na moto, kitu kinashuka kutoka juu bila mbawa. Mtu wa chuma anavaa kofia na kujifunza kupanda farasi, farasi anamkataa. Nilizitafsiri zote zilizofika. Watu waliniita Mama wa Angani kabla sijawa mama wa yeyote.

Nilihamishwa mara mbili. Kwanza Nchiru, ambako Mwenyekiti alifungua jumba dogo kwa ajili ya wanafunzi wa chuo. Aliyenisimamia aliitwa Meneja, kijana mwenye tai. Wanafunzi walisikiliza nikibandika majina, wakaanza kuniomba, kwa adabu, ninyamaze wasikie Kiingereza. Meneja alinikalisha nyuma karibu na jenereta. Nililipwa nikae kimya mpaka aliponirudisha kwa Mwenyekiti, na hakuna kazi iliyonichosha kama ile.

Kisha Runyenjes. Huko msimamizi alikuwa Katibu, binamu yake Mwenyekiti, mtu mzito aliyeamini kila kitu ni wizi. "Usiwape yote siku moja," aliniambia. "Mwache kauboi mmoja hai, watarudi kumwangalia." Siku za soko walipanda watu wa Mbeere kutoka kule chini kwenye ukame, wachungaji, wamevua kofia zao wakaziweka magotini. Hao walinifunza adabu. Hawakucheka ovyo. Waliuliza farasi wanakunywa wapi. Waliuliza mbona mchungaji anawasha moto mahali penye nyasi kavu. Ng'ombe walipoinuliwa na mwanga kwenda juu, mmoja wao alisema polepole kwa Kiswahili, ili nimwelewe, "Hata huko juu wana njaa."

Nilikuwa sijui mtu Runyenjes. Kiembu nilikielewa nusu, na nyumba niliyopanga ilikuwa ya wazee waliolala mapema. Gizani mle ndani watu walinijua, waliniitikia, walinitania. Mlango ukifunguliwa wakatoka kwenye jua, walinipita kama wanavyopita nguzo, maana walikuwa hawajawahi kunitazama, walitazama picha. Nilisimama pale na maikrofoni mkononi, nikingoja wote waishe. Mambo ya namna hiyo hawakuelezi unapoajiriwa.

Niliporudishwa Maua nilimkuta Mzee M'Ringera.

Alikaa benchi la mbele, koti refu la jeshi, kofia ya ukingo mpana aliyoipata sijui wapi. Zamani aliwahi kufuata ng'ombe wake walioibwa mpaka kule tambarare za Isiolo, peke yake, akarudi na mmoja. Kila mtu Maua aliijua hiyo habari. Basi ikaja filamu mpya, na ndani yake kuna mzee mchungaji anayeishi peke yake penye vumbi. Mwanga unashuka, unachukua ng'ombe wake mmoja mmoja, na yeye amelala. Anaamka, anaufuata ule mwanga kwa miguu siku nyingi, anaukuta, anadai wanyama wake. Wanamchukua pia. Ningembandika nani mwingine?

Siku ya kwanza nilipofika pale mwanga unaposhuka, nilisema, "M'Ringera, toka nje, ng'ombe wako wanachukuliwa!"

Na yeye kutoka benchi la mbele, bila kugeuka, akajibu, "Wachukue. Nimechoka na Isiolo."

Jumba lilivunjika mbavu. Tangu hapo ilikuwa kawaida yetu. Mimi naita, naacha nafasi, yeye anajibu, na kila siku jibu lake lilikuwa tofauti. "Ngoja nimalize chai." "Waulize kama wana hati ya kusafirisha mifugo." Siku moja alisema, "Kwani wewe mwari huna kazi, unaniamsha kila siku?" Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, nikaacha filamu ijitafsirie. Mama Kinya mkewe alikuja mara moja, akasimama mlangoni na kikapu, akasikia, akatikisa kichwa akaenda huku anatabasamu. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Yule mzee alikuwa mtu pekee katika mji huu aliyenijibu kila siku.

Kisha nikapata mimba. Baba wa mtoto ni dereva wa pikapu za miraa. Anakuja anapokuja. Mwenyekiti aliona tumbo, akanikalisha ofisini mwake akiwa mpole kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mtoto ni baraka," akasema. "Nisikie. Rekodi sauti yako kwa kaseti, filamu tano zile zinazopendwa. Ukienda kujifungua, kanda itakushikia nafasi."

Nilikubali. Lilikuwa jambo jema, nani angekataa? Tulirekodi Jumapili asubuhi, watu wote wako kanisani. Fundi aliunganisha maikrofoni na redio ya kaseti, tukaanzisha mashine zote mbili pamoja, maana zikipishana kidogo tu bunduki inalia kabla hujamtaja aliyeishika. Nilitafsiri makauboi wa angani kwa mabenchi matupu. Sikujua niangalie wapi. Nilipofika kwa mzee na ng'ombe wake nilimwita M'Ringera kama kawaida, nikacheka kama kawaida, nikaacha nafasi ya jibu. Hakukuwa na mtu. Niliiacha hata hivyo, kwa sababu nilijua wiki ijayo atakuwa amekaa pale na ataijaza.

Alikuwa amekaa pale, nasikia, na aliijaza. Fundi aliniambia mzee aliipenda kanda, alisema sasa naita bila kukohoa. Mimi nilikuwa kwa mama yangu, nimejifungua. Halafu mzee akaugua, akafa, na mimi sikujua mpaka niliporudi na mtoto wangu Mwenda mgongoni. Siku ya mazishi Mwenyekiti alifunga jumba kwa heshima. Siku iliyofuata akalifungua, akaweka kanda ile ile.

Nilikwenda ofisini kwake kuuliza naanza kazi lini. Alikuwa anakula. Aliniambia kanda haichelewi, hainyonyeshi, na haiombi ruhusa kwenda kliniki. Nilibaki na chumba changu pale pale nyuma, maana sikuwa na pengine, na asubuhi nawauzia wafunga miraa njugu na maji.

Mimi nimeketi kitandani alasiri namnyonyesha mtoto, na upande wa pili wa bati niko mimi, nachangamka, nawatania watu, nawajua kwa majina. Watu wanacheka nami. Hakuna anayejua kwamba nimekaa hapa. Mwenda ananyonya, halafu anaachia ziwa, anageuza kichwa kuelekea ukutani, anaisikiliza ile sauti nyingine. Namrudisha. Anageuka tena.

Na vijana wakaanza lile jambo la kujaza nafasi ya mzee. Mwanzo ilikuwa mmoja, pengine kwa kumkumbuka. Baadaye ukawa mchezo, kila mmoja ajibu kwa upuzi zaidi, matusi pia. Mtafsiri aliye hai angeliondoa jina siku ile ile mtu alipokufa. Angembandika mwingine, au angemwacha yule mchungaji bila jina apite. Huhitaji kufundishwa. Kwetu mtu akifa humwiti kwa mzaha mbele ya mke wake. Lakini kanda haijui nani amekufa.

Nilimwendea Mwenyekiti mara ya pili, kwa upole, nikamwomba aniruhusu nirekodi hiyo filamu upya, bure. Akasema watu wanaingia kwa ajili ya pale pale, pa M'Ringera. Nikamwambia hiyo sauti ni yangu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sauti yako si unayo? Si hiyo unayonipigia kelele nayo?"

Wanawake wa kikundi chetu cha kanisa nao waliacha kunipisha kwenye benchi. Mkoba unawekwa mahali nilipozoea kukaa, basi. Kwao mimi ndiye ninayemkosea mjane, kila siku, kwa sauti wanayoijua. Ningewaeleza nini? Ati kaseti? Walinisikia nikicheka.

Kwa hiyo Mama Kinya alipokuja nikifua nepi, nikang'oa waya. Nilisema nitawaambia yaliyofuata. Makauboi walibaki wakifungua midomo bila sauti. Watu wakapiga miluzi. Nikasimama mbele ya televisheni, Mwenda analia, nikawaambia nitawatafsiria mimi mwenyewe, filamu yote, na vizuri zaidi, ila yule mzee wa ng'ombe nitamwita jina lingine. Nilikuwa nimeshaanza. Nilisema maneno mawili matatu bila maikrofoni. Sauti yangu ilikuwa ndogo mle ndani.

Kijana mmoja nyuma akasema, si kwa ubaya, "Mama, toka kwa picha. Kwa kanda unachekesha zaidi."

Fundi akaja na mkanda mweusi wa umeme, akafunga waya. Hakunitazama usoni. Nilipokuwa natoka mlangoni nilikuwa tayari nimeanza kuongea nyuma yangu.

Nilikwenda ofisi ya kazi ya wilaya. Afisa alisikia nusu akauliza kama Mwenyekiti amenipiga. Hapana. Kama ameshika cheti changu. Hapana. Akasema sauti haimo kwenye vifaa vya kazi, niende kwa chifu. Kwa chifu karani aliuliza ninadai kiasi gani, aandike. Nikamwambia hakuna kiasi. Akasema malalamiko lazima yawe na dai, la sivyo ni masengenyo. Akanisukumia karatasi niandike mwenyewe kama nimesoma. Nimesoma. Nyinyi mnaotaka kazi hii, ifanyeni, ni kazi nzuri, sijaona nyingine nzuri kama hiyo. Lakini mwambieni mwenye jumba kwamba mnaongea mkiwepo tu. Na haya ndiyo niliyoandika na kuyapeleka, yamepigwa muhuri:

Kwa Chifu,

KUH: MALALAMIKO JUU YA SAUTI YANGU

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa chumba kilicho nyuma ya jumba la video sokoni Maua. Nilikuwa mtafsiri wa filamu katika jumba hilo. Ninalalamika kwamba mwenye jumba anacheza kila siku kaseti ambayo ndani yake ninamwita marehemu Mzee M'Ringera atoke nje, na watu wanajibu kwa dhihaka mahali pake. Maneno hayo niliyasema mimi, sikatai, na marehemu alikuwa hai na alikuwa akijibu mwenyewe. Sasa ni marehemu na mimi bado naita. Mjane wake anasikia akiwa sokoni, akiwa njiani, akiwa kwangu.

Nimemwomba mwenye jumba aiondoe, amekataa. Nimeomba nirekodi upya bila malipo, amekataa. Nimewaomba watazamaji, wameniambia nitoke kwa picha. Sina mwingine wa kumwomba.

Karani wako ameniambia niandike dai. Sidai mshahara wala kurudishwa kazini. Najua kwamba serikali ina uwezo wa kumwamuru mtu anayepiga kelele na kusumbua waliofiwa anyamaze. Mtu huyo ni mimi. Jina langu liko hapo chini na chumba changu kinajulikana. Naomba ofisi yako ininyamazishe.

Ni mimi mlalamikaji na mlalamikiwa,
Mama Mwenda